Asifunikwe Mara ya Pili

Redio ilikuwa kwenye dirisha la jiko, na Joanitha alikuwa amekaa chini yake akimenya ndizi, kwa hiyo yeye ndiye aliyeusikia utabiri. Mtangazaji aliusoma bila haraka, kama mtu anayesoma matangazo ya ndoa kanisani. Katika msimu wa masika, Machi hadi Mei, mwambao wa Ziwa Viktoria mkoani Kagera pamoja na visiwa ulitarajiwa kupata mvua za wastani hadi juu ya wastani. Maeneo ya ndani, yaliyo mbali na ziwa, yangepata mvua za wastani, na mengine chini ya hapo. Vipindi vya mvua kubwa kwa muda mfupi vingeweza kutokea. Wananchi waishio mabondeni na kwenye miteremko walishauriwa...

Mkono wa mama mkwe wake ulipita juu ya kichwa chake ukaizima redio.

"Mama, nilikuwa nasikiliza."

"Umesikia ya kutosha," alisema Kokwijuka. "Ndizi hazijaisha."

Joanitha akaendelea kumenya. Mgongoni alikuwa amembeba Annastella, mtoto aliyezaliwa baada ya baba yake kufa. Alimtazama mama mkwe wake akiingia kibanjani, katika migomba na mibuni inayozunguka nyumba. Tangu masika yaliyopita Kokwijuka hakutembea ndani ya kibanja chake kama watu wengine. Aliweka mguu taratibu, vidole kwanza kisha kisigino, kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa aliyelala. Upande wa juu, pale udongo mwekundu na mawe vilipoizika migomba, alivua kandambili kabisa.

Mwanawe Avit, mume wa Joanitha, alikuwa chini ya udongo huo. Kilima kilishuka mchana, mvua ikinyesha, wakati Avit amekwenda kumfungua ng'ombe. Watu wa mtaa wao, Nyanga, walichimba kwa majembe na kwa mikono mpaka udongo ulipoanza kushuka tena juu yao, wakaamriwa waache. Hakuna aliyejua amelala sehemu gani. Ndiyo maana mama yake alitembea vile. Hakujua anamkanyaga wapi.

*

Mkutano wa mtaa ulifanyika nje ya ofisi, watu wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Afisa aliyetumwa kuueleza utabiri alikuwa dada mmoja kijana aitwaye Judica. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili cha shule, na alipoona akina mama wa nyuma hawamwelewi akarudia kwa Kihaya. Alipomaliza aliuliza kama kuna swali.

Ndyamukama alisimama. Alikuwa mume wa Kokwijuka, mtu mrefu mwenye mabega ya kubeba kahawa, na wote walijua atasema nini, wakainamisha vichwa.

"Mwaka jana mlisema mvua za wastani," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mwanangu alikufa ndani ya wastani."

"Pole sana, mzee. Wastani ni hesabu ya msimu mzima. Siku moja inaweza kumwaga maji ya mwezi, na bado mwisho wa msimu tukaandika wastani. Utabiri ni wa ukanda. Hauwezi kusema ni lini wala ni kwa nani."

"Sasa unaniambia nini?"

"Nakuambia kwamba kipande kilichobaki juu ya nyumba yako kina ufa. Nimepanda nikauona. Ondokeni kabla mvua hazijachanganya."

"Twende wapi?"

Judica aliangalia karatasi zake, ingawa humo hamkuwa na jibu. "Kwa ndugu, mzee. Kwa muda."

"Aende ukweni kwa mwanawe!" mtu mmoja alitupa neno kutoka nyuma, na wengine wakacheka kabla hawajakumbuka kwamba haifai kucheka.

Ndyamukama alisubiri kicheko kiishe. "Nipeni mashine ya kuchimbia. Nikimtoa mwanangu, siku hiyohiyo nahama. Sitaomba kitu kingine."

"Mashine ikipanda pale itakiangusha kilima chote. Na mtu wa kuiendesha ana watoto."

Aliketi. Jirani yake kwenye benchi alisogea pembeni kumpa nafasi kubwa kuliko aliyohitaji, kama anavyopishwa mgonjwa.

*

"Baba yangu amesema twende wote," alisema Joanitha jioni ile. Nyumbani kwao kulikuwa Muleba, upande wa Nshamba, mbali na ziwa. "Kuna chumba. Tukae mpaka Mei."

Kokwijuka alikuwa anapakua ndizi, ebitoke za jioni. "Wewe nenda. Hatukukufunga kamba. Mtoto utamwacha, ni wa ukoo huu."

"Nimwache chini ya ule ufa?"

"Baba yake yupo hapa."

"Mama, Avit amekufa."

"Nani kasema hajafa?" Kokwijuka aliweka sahani chini. "Mnanifanya mwendawazimu. Najua amekufa. Nasema yupo. Mvua ikinyesha ananiita. Mae, Mae, vilevile kama alipokuwa mdogo akichelewa kurudi na kukuta nimefunga mlango. Mara ya kwanza kilima kilimfunika sina habari. Kikimfunika mara ya pili nitakuwa nilijua, na nitakuwa nimekwenda kukaa pakavu."

Hakuna aliyegusa chakula. Ndyamukama alikohoa.

"Mama Avit," alisema, "zamani mtu akipotelea ziwani, wazee walizika mgomba badala yake. Wakaomboleza, wakamaliza. Tungeweza..."

"Mimi nilizaa mgomba?"

Ndyamukama akazifunika ndizi kwa jani la mgomba.

Kesho yake Kokwijuka alichukua jembe akaanza kuchimba.

*

Alichimba asubuhi na alichimba jioni. Alianzia pale banda la ng'ombe lilipokuwa, kisha akahamia chini kidogo, kisha akarudi juu, kwa kufuata alichokiita sauti. Mikono ilimchubuka akaifunga kwa vipande vya kanga. Ndyamukama alimkataza, akamnyang'anya jembe, akalificha darini. Kokwijuka akachimba kwa panga. Mwisho mume wake akalishusha jembe akampa, kwa sababu panga lilikuwa linamkata.

Majirani waliopita njiani walianza kutazama upande mwingine. Dukani mtu alimuuliza Ndyamukama kama mama amekwisha kuiona hazina ya Wajerumani. Zamu ya jumuiya ya kanisa kusali nyumbani kwao ilipofika, mwenyekiti aliliruka jina lao akataja la mbele, kwa upole, kama aliyekosea. Kokwijuka aliendelea kwenda kusali kwa wenzake kila wiki, kucha zake zikiwa nyekundu kwa udongo, na waliokaa naye mkeka mmoja walivuta nguo zao.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri, bila upepo. Wingu lilitoka ziwani likasimama juu ya Nyanga. Joanitha alikuwa anaanua nguo alipoona vijiwe vikidondoka kutoka kwenye ufa, kimoja, kingine, kisha vingi, vikiruka kama kunde zinazopepetwa.

"Tata!" alimwita baba mkwe wake. "Mama yuko shimoni!"

Walimkuta maji yakimfika magotini. Alikuwa ameacha kuchimba. Alikuwa amelaza sikio kwenye ukuta wa shimo na kinywa kimeachama kidogo, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Joanitha hakuwa ameiona kwa mwaka mzima. Furaha hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi ya vile vijiwe.

"Nyamazeni," alisema Kokwijuka. "Yupo karibu. Sikilizeni."

Ndyamukama alikuwa amekwisha kumshika kwapani. Hata hivyo alisimama akasikiliza. Alisikia maji tu, yakitafuta njia ndani ya udongo.

"Hakuna kitu," alisema, akamvuta.

Kokwijuka alimpiga mateke. Alimng'ata mkono. Mtu na mkwewe walimkokota mpaka barazani, na nyuma yao ukuta wa shimo uliingia ndani, ukalijaza shimo mpaka juu. Mvua ilikatika muda si mrefu. Jua likatoka, ndege wakaanza kulia kibanjani kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Nitaanza upya kesho," alisema Kokwijuka.

*

Privatus, katekista wa kigango chao, alikuwa anapalilia kahawa Ndyamukama alipomfikia. Alimsikiliza mpaka mwisho huku ameegemea mpini wa jembe.

"Unataka niubariki mgomba," alisema.

"Nataka mke wangu atoke pale."

"Nitasimama mbele ya watu niseme huu ni mwili wa Avit?"

"Usiseme mwili. Mwombee Avit. Humo nitaweka udongo wa palepale alipo. Yeye si amekwisha kuwa udongo huo?"

Privatus alipangusa mikono yake kwenye suruali. "Waitu, mzee wangu, hili jambo utalibeba peke yako," alisema. "Mimi nitasali, wewe utabeba."

Siku ya jumuiya, Kokwijuka alipokwenda mtaa wa jirani, Nshambya, kusali, Ndyamukama aling'oa shina la mgomba mchanga. Alilikata, akalipasua vipande vyembamba, akavipanga juu ya lubugo, kitambaa cha magome ya mti, lililokuwa la baba yake, akamwagia udongo mwekundu. Alikuwa anafunga kamba Joanitha alipotokea nyuma ya nyumba.

"Tata, hicho ni nini?"

Joanitha alitazama shina lililokatwa, akatazama lubugo, akaketi chini palepale kwenye majani.

"Hataamini," alisema. "Atataka kuona kitu."

"Sina kitu."

Joanitha alikwenda ndani. Alirudi na shati la Avit la mistari ya buluu. Lilikuwa halijafuliwa. Alilihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki chini ya nguo za mtoto, na siku ambazo hakuweza kuvumilia alilitoa akaliweka usoni, kisha akalirudisha upesi kabla harufu haijatoka. Alilinusa sasa, mara moja. Halafu alilipeleka pale kwenye matope, akalikanyaga, akalichana kwa jiwe, akalikanyaga tena mpaka mistari ikapotea. Ndyamukama aligeuka asimwone.

Kokwijuka aliporudi aliwakuta wamesimama barazani, matope mpaka viwikoni.

"Mama Avit," alisema Ndyamukama. "Tumempata."

Kokwijuka hakupiga kelele. Alikaa kwenye kizingiti akanyoosha mikono, wakampa shati. Aliligeuza, akatafuta kola, akaipangusa kwa kidole gumba.

"Ndilo alilovaa?" aliuliza. "Sikumbuki. Mbona sikumbuki?"

"Ndilo," alisema Joanitha. "Mimi nilimpa asubuhi ile."

"Nataka kumwona."

"Usimwone," alisema Ndyamukama. Sauti ilimkatika, na huko kukatika hakukuwa kwa uongo. "Mwaka mzima ardhini. Mkumbuke alivyokuwa. Mimi nimemwona kwa niaba yako."

Kokwijuka alimtazama mumewe, akakubali. Miaka yote ya ndoa yao Ndyamukama hakuwahi kumdanganya, hata bei ya kitambaa. Aliomba apewe furushi. Lilikuwa dogo, akalipakata mapajani kama mtoto, akaanza kuyumba nalo mbele na nyuma, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kubembelezea. Joanitha alikimbilia jikoni akajifungia, akauma kanga yake.

Walizika kesho yake, juu barabarani, mbali na kilima, kwenye kona ya shamba aliyoitoa jirani yao Muksini. Muksini alichimba kaburi mwenyewe na hakuuliza kitu. Wengi walikuja. Waliliona furushi lilivyo dogo, waliuona mgomba uliokatwa nyuma ya nyumba walipokwenda kuchota maji, na hakuna aliyesema. Privatus alisali sala zote za wafu, na kila alipofika kwenye neno mwili alishusha pumzi akalivuka. Mama mmoja wa jumuiya, aliyekuwa akivuta nguo yake mkekani, alimkumbatia Kokwijuka kwa muda mrefu kuliko wote.

Wiki hiyohiyo walifunga mlango wakaenda Muleba.

*

Kwa Kahigi, baba yake Joanitha, walipewa stoo iliyokuwa ya kahawa. Kahigi hakuwa mtu mbaya. Alimwita Ndyamukama mkwe, akamkaribisha pombe ya ndizi, akamwonyesha mipaka ya kibanja. Lakini wageni walipokuja aliwaeleza kabla hawajauliza: "Huyu ni mkwe wangu, wamekimbia mvua huko Bukoba." Na wageni wakatazama juu, kwenye anga jeupe lisilo na wingu.

"Hapa kwetu tuna wastani wetu," alisema Jovita, mke wa Kahigi, akipakua. "Haujawahi kumfukuza mtu." Alisema kwa kutania. Sahani ya Ndyamukama ilifika ya mwisho, baada ya vibarua.

Alifanya kazi. Alipogoa migomba isiyo yake, akapasua kuni, akachota maji ambayo kwao yangechotwa na mtu mdogo. Jua lilikuwa kali. Maharage ya Nshamba yalianza kujikunja majani. Simu kutoka Nyanga zilisema huko nako kukavu, na Kahigi aliuliza mara mbili mezani kama huyo dada wa utabiri alisomea wapi. Ndyamukama alimeza tonge. Kurudi aliogopa, na kukaa kulimwaibisha.

Kokwijuka peke yake ndiye aliyenawiri. Alilala usiku kucha. Mikono ilipona. Alijifunza kucheka na Annastella, akamfundisha kusimama kwa kushika vidole vyake viwili. Hakutembea tena kwa vidole. Alikanyaga ardhi ya wenyewe kwa mguu mzima, na Joanitha, akiusikia mshindo ule nje ya dirisha, alijiambia kwamba shati lilikuwa na thamani hiyo.

Simu ya Muksini ilikuja mwezi wa nne, mchana wa Jumapili, watu wakiwa mezani. Mvua ilikuwa imenyesha mwambaoni siku ile tu, asubuhi, watu wakiwa misani. Kilima kilishuka chote. Nyumba haikuonekana, hata bati. Migomba, mibuni, jiko, vyote vilikuwa chini, na juu yake mawe makubwa kama magari.

"Kaburi?" aliuliza Kokwijuka, akiwa ameikwapua simu. "Kaburi la mwanangu?"

Alisikiliza. Kisha akaweka simu mezani, akasimama, akainua mikono.

"Limebaki zima," alisema. "Halijaguswa hata jani. Kasema hata maua yapo." Aligeuka akamshika mumewe begani mbele ya wote. "Mnamwona huyu? Mnampa sahani ya mwisho. Huyu alimchimba mwanangu kwa mikono yake. Wenye mashine walikataa, watu walinicheka, yeye akamchimba. Asingefanya vile, leo Avit angekuwa chini ya mawe yale milele."

Kahigi alisimama polepole. Alikuwa amevaa kofia, akaivua. Alimwondoa kijana wake kwenye kiti cha mikono kilichokuwa kichwani mwa meza, akakipangusa. "Mkwe," alisema, "nimekukosea. Kaa hapa."

Ndyamukama alikitazama kiti. Alisema anatoka kidogo.

Nje mvua ilikuwa imeanza, mvua ya mbali na ziwa, nyepesi, isiyo na radi. Alisimama katikati ya uwanja. Maji yalitiririka usoni kutoka kwenye nywele zake za mvi. Aliijua sauti ya Avit kabla haijafika, ingawa kule Nyanga alisimama shimoni akaikosa. Haikusema Mae. Ilisema Tata, mara moja, kisha tena, na haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepiga hodi kwa subira na bado anaamini kwamba wenyewe wapo.

Joanitha alimfuata. "Tata, ingia. Unalowa."

"Unasikia?"

Joanitha alijibu akitazama chini. "Mimi nasikia mvua."

"Nilimwambia nimemwona kwa niaba yake."

"Najua."

"Tumwambie?"

Kutoka ndani kilikuja kicheko cha Kokwijuka. Annastella alikuwa ameachia vidole vya bibi yake, amepiga hatua yake ya kwanza, ameanguka juu ya mapaja ya Jovita, na nyumba nzima ilikuwa inapiga makofi.

"Msikilize, Tata," alisema Joanitha. "Msikilize tu."

Alisikiliza. Aliwasikia wote wawili, mke wake ndani ya nyumba na mwanawe ndani ya mvua, na hakuweza kumziba mmoja bila kumziba mwenzake. Kisha akapangusa uso, akaingia. Walikuwa wamemngojea. Alinawa, akaketi kwenye kiti cha mikono, na Kokwijuka akamwekea kipande kikubwa cha samaki kabla ya kumpakulia Kahigi, na hakuna aliyeona ajabu.

"Kula, Baba Avit," alisema.

Akala.